Mwewe Hana Kiti cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na amani. Nimefungua simu. Amani imekwisha.

Kampuni inayotengeneza gari letu, gari la viti viwili, milango miwili na kelele nyingi, imetangaza gari la familia. Viti saba! Milango ya kuburuta kama ya kabati! Vishikio vya vikombe kila kona, utadhani mgahawa. Na usoni mwa kitu hicho wamebandika nembo yetu, mwewe anayeshuka kwa kasi. Kwa nembo hiyo sisi huliita gari letu Mwewe. Chama chetu ni Chama cha Wapenzi wa Mwewe. Katibu wake ni mimi.

Kundi la chama kwenye simu limewaka moto. Mweka Hazina ameandika kwamba anahisi kama amefiwa. Mwenyekiti, rubani mstaafu, ametuma kikatuni cha uso unaolia, kisha akakituma mara nyingine nne, nadhani kwa bahati mbaya. Halafu akaja Daktari wa Meno. Akaipongeza kampuni. Akasema yeye ameshaagiza lake, rangi ya maziwa.

Rangi ya maziwa!

Huyu Daktari amekuwa akikimezea mate kiti changu cha ukatibu tangu siku aliyojiunga. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi nimeazimia. Jumapili, kwenye mkutano, nitaleta hoja: gari lolote lenye kiti cha tatu si Mwewe, na mwenye nalo si mwenzetu. Ikipita, Daktari ataondoka na maziwa yake.

Kuna tatizo dogo. Chamani hatuitikii majina kwa mdomo. Mwenyekiti husoma jina, mwenye jina huwasha injini. Ikinguruma, yupo. Kura nazo ni hivyo hivyo: anayeunga mkono hoja huwasha, anayepinga hunyamaza. Ni desturi tuliyoachiwa na waasisi, na mmoja wa waasisi hao alikuwa mjomba wangu, aliyenirithisha gari. Sheria yao ni moja tu isiyo na msamaha. Gari likinyamaza mikutano mitatu mfululizo, mwenyewe anavuliwa beji.

Langu limenyamaza miwili. Mara ya kwanza nilisema betri. Mara ya pili nilisema naumwa.

Ukweli nauandika hapa tu: injini yangu iko mezani kwa Fundi, imefunikwa gunia.

Kazini mimi ni msoma mita za maji. Nikibisha hodi, watu huniuliza kupitia dirishani kama nimekuja kukata. Mbwa wote wa mtaa wananijua. Lakini chamani naitwa Mheshimiwa Katibu, na watu hunipisha nipite. Sivuliwi beji mimi. Liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa Fundi kabla ya kazi. Injini bado iko mezani. Juu ya gunia kulikuwa na kikombe chake cha chai. Nimemuuliza kama anaweza kuirudisha ndani ya gari kabla ya Jumapili. Akaweka spana chini ili acheke vizuri. Akasema kipuri hakijafika. Nikauliza kitafika lini. Akasema kesho. Fundi amekuwa akisema kesho kwa zaidi ya mwezi sasa, na husema kwa uso mkunjufu kiasi kwamba kila mara naondoka nimefarijika.

Sawa. Gari haliwezi kwenda mkutanoni. Basi mkutano utakuja kwa gari! Nimempigia Mwenyekiti nikaomba niwe mwenyeji wa Jumapili, uani kwangu. Amefurahi mno. Amesema huo ndio moyo wa marehemu mjomba wangu. Nimekata simu nikajipongeza mbele ya kioo.

Mama Watoto hakunipongeza. Ameuliza watu hao watakunywa nini. Nikasema chai tu. Akauliza chai hiyo itapikwa na nani. Nikamweleza habari ya hoja, nikamweleza kiti cha tatu, heshima ya nembo na siku za mbele za chama. Alinisikiliza huku akikunja nguo. Kisha akasema sisi ni watu wanne, kesho mama yake anakuja tutakuwa watano, na gari letu lina viti viwili ambavyo haviendi popote. Akasema lile si gari, ni samani.

Nilitoka kwenda kupima uani nafasi ya magari. Mtu mwenye azma hajibu kila neno.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe amefika. Tumemleta kwa teksi, watoto mapajani, mzigo wake magotini kwangu. Tulipoingia uani akaliona gari langu chini ya turubai. Nikamwamkia tena ili asilitazame, lakini akaitikia marahaba macho yakiwa kule kule. Akauliza kwa upole kama gari linaumwa. Nikasema linaumwa kidogo, mama. Akasema pole na mgonjwa.

Ni mama mwenye adabu. Ningependa awe na adabu pungufu kidogo.

Leo nimepata wazo kubwa. Limenijia nikiwa nimeinama chini ya boneti, nikitazama lile shimo ambapo injini ilikuwa. Shimo lote hilo! Spika inaenea humo kabisa, na nafasi inabaki. Kama injini ingekuwepo, spika ningeiweka wapi? Kila jambo na heri yake.

Jirani anayekodisha vyombo vya muziki amenipa spika yake kubwa, ile inayopokea sauti kutoka kwenye simu bila waya. Nimemwambia ni kwa ajili ya hotuba. Imeingia ndani ya shimo kama imezaliwa humo.

Sasa sauti. Nimerekodi blenda ya Mama Watoto. Ikasikika kama blenda. Nimerekodi blenda ndani ya sufuria. Ikasikika kama blenda iliyo ndani ya sufuria. Nimejaribu kunguruma kwa mdomo wangu mwenyewe, na mwanangu mdogo akaja mbio kuuliza kama nimepaliwa.

Azma haijapungua hata chembe.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi mama mkwe aliniuliza mgonjwa ameamkaje. Nikasema hajambo kidogo.

Gari bila injini huinua pua. Sikuwa nimeligundua hilo hadi nilipoondoa turubai. Limekaa kama mbuzi anayetaka kula majani ya juu. Mtu yeyote wa chamani angegundua. Nimepakia magunia mawili ya mchanga mbele, kandokando ya spika, pua ikashuka. Kuinua kichwa nikamwona mama mkwe amesimama na kikombe. Akauliza kama mgonjwa sasa anaweza kula.

Mchana nimepata habari mbaya. Daktari wa Meno anafanya kampeni kazini kwake! Mweka Hazina alikwenda kwake na jino. Daktari akamlaza kitini, akamjaza vyuma mdomoni, kisha akaanza kumweleza faida za gari la familia. Alisema kampuni zinazotengeneza magari ya mbio peke yake zinakufa moja baada ya nyingine. Alisema gari la viti saba ndilo litakalolilisha la viti viwili. Alisema pia kwamba Mwenyekiti mwenyewe huvutwa na watu wawili ili atoke ndani ya Mwewe wake, na kwamba hakuna hata mmoja wetu anayekimbiza gari kwa sababu barabara zina matuta. Halafu akamuuliza Mweka Hazina kama anakubali. Mweka Hazina akasema aaa. Daktari akaandika kwamba amekubali!

Nimempigia Mweka Hazina. Nikamwambia kura ya mdomo uliopanuliwa si kura. Akasema kwa mdomo uliokufa ganzi kwamba ni kweli alisema aaa kwa sababu ya uchungu, lakini jioni alifikiria akaona hoja ya matuta ina ukweli wake.

Basi hesabu ni hii. Wanaopiga kura ni kumi na mmoja, kwani Mwenyekiti hapigi. Watano wangu, watano wake. Anayebaki ni mimi. Beji yangu na hoja yangu, vyote vimening'inia kwenye ngurumo moja ambayo sina.

Ijumaa, 7 Machi

Mgonjwa ameamkaje? Ameamka vizuri, mama.

Nimefikiria kuomba kurekodi injini ya mwanachama. Lakini wote wangeuliza ya nini. Mwenyekiti hangeuliza, ila injini yake inakohoa kuliko yeye. Kwenye mtandao sauti zipo, lakini juu ya kila moja kuna kijana anayepiga kelele za furaha.

Mwisho nikajikaza nikaingia mahali nilipoapa sitaingia. Duka la magari. Lile la viti saba liko pale, katikati ya ukumbi, limezungushiwa utepe kama keki. Rangi ya maziwa. Nililitazama kwa dharau kuanzia magurudumu hadi juu. Muuzaji akaja akitabasamu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kitu hiki kinanguruma. Akasema kinanguruma kama Mwewe halisi, kizazi cha mwanzo kabisa. Nusura nimkumbatie. Nikasema nataka kulijaribu barabarani. Akaniangalia, mimi na begi langu la kazi lenye picha ya bomba linalodondosha maji. Akasema wanaoruhusiwa kulijaribu ni wateja wenye familia tu, na familia yenyewe ije.

Nimemweleza Mama Watoto kwamba kesho tunakwenda kumpeleleza adui. Ameuliza adui ana viti vingapi. Nikasema saba. Ametoa gauni lake la kitenge kabatini na kuanza kulipiga pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Mafanikio!

Tumekwenda wote. Mama mkwe alikaa safu ya nyuma kabisa, watoto katikati na mama yao, mimi mbele na Muuzaji akiendesha. Kabla hatujaondoka niliwasha kurekodi kwenye simu, nikaitia kwenye kimfuko cha mlango. Kimfuko hicho ni kikubwa, kinameza simu, chupa na viatu vya mtoto.

Muuzaji akawasha. Kimya! Nikashtuka. Akasema ningoje, akabonyeza kitufe kilichoandikwa Sauti ya Asili. Ngurumo! Mbavu zilitetemeka. Ilikuwa sauti ya mjomba wangu akiingia mtaani zamani, sisi watoto tukikimbia kutoka kila mlango. Macho yakaniuma. Kisha Muuzaji akaeleza kwamba injini yenyewe ni ya kimya, na ngurumo ile hutoka kwenye spika.

Kwenye spika!

Sijaona utapeli wa namna hii tangu nizaliwe. Gari zima linasimama mbele za watu na kudanganya kuhusu tumbo lake! Njia ya mwongo ni fupi. Nitayasema haya kesho kwenye hotuba, na Daktari atakosa pa kujificha.

Tulizunguka mjini. Watoto hawakupigana, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Mama Watoto alicheka, kicheko kile cha zamani, tangu hatujaoana. Mama mkwe alinyoosha miguu yake inayomsumbua, akasinzia. Nami, kwa adabu tu, nilisema maneno mawili matatu mazuri, maana mtu hawezi kupanda gari la watu akanuna. Naandika ukweli hapa: palikuwa na dakika fulani, tukipita kwenye miti, ambapo nilikuwa na raha. Nimejikemea.

Nyumbani nimejaribu kwa spika. Nimekata kipande cha mwanzo chenye maneno ya Muuzaji, nimesikiliza dakika za kwanza za safari. Ngurumo tupu, safi, nene. Mabati ya jirani yalicheza. Kusikiliza mpaka mwisho kwa ajili ya nini? Ngurumo ni ngurumo.

Mama Watoto ananiuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema kesho utamwona mume wako.

Jumapili, 9 Machi

Amemwona.

Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, ingawa kalamu ni nzito.

Walifika wote, magari yakapangwa uani, pua kwa pua na langu. Chai ilikuwa tamu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake kivulini, mikono mapajani, kama mgeni rasmi. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, simu mapajani. Ndani ya bomba la moshi nilikuwa nimechomeka dawa ya mbu inayowaka, kwa sababu injini bila moshi ingezua maswali. Sikuacha kitu.

Mwenyekiti akasoma majina. Magari yakaitikia moja moja. Likafika jina langu. Nikabonyeza. Ngurumo! Ndege walitoka kwenye paa. Wanachama walipiga makofi. Mwenyekiti akafuta jicho kwa leso, akasema hiyo ndiyo sauti, hiyo ndiyo yenyewe. Daktari wa Meno alizunguka nyuma ya gari langu, akanusa, akasema moshi wangu unanukia kama chumba cha kulala. Nikamwambia hayo ni mafuta mazuri, yeye hayajui.

Nikazima. Beji ilikuwa salama! Kama ningekuwa mtu wa kutosheka, siku ingeishia hapo.

Daktari akazungumza. Alirudia mambo yake ya matuta na kampuni zinazokufa. Akaongeza kwamba watoto wetu wanaliona gari letu siku za Jumapili tu, wakiwa wameachwa mlangoni, na kwamba mtu hawezi kupenda kitu ambacho hajawahi kupandishwa. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Hata wangu. Nikaona naanza kuwapoteza.

Nikasimama. Nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema maishani. Niliwaambia mwewe hulea vifaranga kiotani, hawabebi mgongoni akiwinda. Niliwaambia kuhusu mjomba wangu. Halafu nikawafunulia siri ya Sauti ya Asili. Nikapaaza sauti kwamba gari linalonguruma kwa spika halina haya, na anayelileta mbele za watu hana haya zaidi. Makofi! Mwenyekiti alisimama bila kuvutwa na mtu.

Kisha kura. Wanaounga mkono wawashe, na wasizime mpaka Mwenyekiti amalize kuhesabu. Watano wangu waliwasha. Nami nikabonyeza. Sita! Uwanja ulitetemeka. Daktari alikuwa amekunja mikono, uso umemshuka. Nilimhurumia kidogo, nakiri.

Lakini Mwenyekiti anatembea kwa mkongojo. Alihesabu polepole, gari kwa gari, akigusa kila boneti. Alipofika la tano alisahau, akarudi kuanza upya. Na rekodi ikawa inasonga mbele, kupita pale nilipoishia kusikiliza.

Ngurumo ikatulia. Muuzaji alikuwa amepunguza mwendo kwenye ile miti. Na kutoka chini ya boneti ya gari langu ikatoka sauti ya mama mkwe, kubwa kama ya tangazo sokoni.

“Baba, huku nyuma miguu inanyooka yote. Mungu akubariki.”

Watu wakageuka kumtazama mama mkwe. Alikuwa kivulini, mdomo umefungwa, anakunywa chai.

Niliikamata simu ili niizime. Mikono ilikuwa na jasho. Simu ikaniponyoka, ikatumbukia kati ya kiti na mlango, mahali ambapo kwenye Mwewe wa viti viwili mkono wa binadamu hauingii. Nilisukuma vidole mpaka ngozi ikachubuka. Kicheko cha Mama Watoto kikapita uani. Wale watano wangu wakazima injini zao, mmoja mmoja, ili wasikie vizuri. Na hapo ikaja sauti yangu.

“Kusema kweli, mama, hili ndilo gari. Lile la nyumbani ni kaburi lenye usukani. Bwana Muuzaji, tafadhali, tuzunguke tena. Na hiyo ngurumo ya spika, wallahi, hata mimi nisingeitofautisha.”

Daktari wa Meno hakukimbia. Alitembea, kama anavyotembea nadhani kumwendea mtu aliyekwisha kulala kitini. Akafungua boneti. Wote wakasogea wakachungulia: spika ya kukodi na magunia mawili ya mchanga. Mama mkwe akainuka, akaja taratibu na kikombe chake, naye akachungulia.

“Kumbe mgonjwa hana moyo kabisa,” akasema. “Na mimi kila siku namuulizia.”

Hapo ndipo wakacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka wakamshika. Alipotulia akatimiza wajibu wake. Gari lililokuwa bado linanguruma kuunga mkono hoja lilikuwa moja, nalo halikuwa na injini. Hoja imeanguka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini na ya huzuni ya kweli, kwamba gari langu limenyamaza mkutano wa tatu.

Nilifungua beji mwenyewe. Pini ilikataa kutoka. Nililia mbele ya watu, sikuficha, na Daktari wa Meno akageuka akatazama ukuta. Namchukia kwa hilo pia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma mita. Mbwa wamebweka. Mtu mmoja ameniuliza dirishani kama nimekuja kukata.

Mama Watoto hajanisema hata kidogo. Amenichemshia maji ya kuoga na kunipaka dawa kwenye vidole. Nilitamani anifokee. Usiku wa jana nilijiona sina mahali pengine duniani ambapo mtu anasogea nipite. Nimemwambia hivyo. Akasema mimi nina nyumba ya watu wanne wanaosogea kila ninapotaka kukaa, ila sijawahi kugundua kwa sababu niko nje chini ya turubai. Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Lina uzito.

Mama mkwe naye kaniita sebuleni. Kasema ameuza kiwanja chake, anataka gari la kumpeleka kliniki ya miguu, na gari lenyewe ameshalichagua siku ile alipolala ndani yake. Atahitaji dereva mwenye adabu. Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini tena?

Nimekuwa mtu mpya. Njama zimekwisha. Hoja zimekwisha. Naandika hivi kwa herufi kubwa moyoni.

Fundi kapiga simu. Kipuri kimefika! Halafu kapiga tena. Si chetu, ni cha gari jingine. Chetu kesho.

Jumamosi, 5 Aprili

Muda mrefu sijaandika. Mtu mwenye raha hana haja ya shajara.

Gari limefika. Rangi ya maziwa, haikuwepo nyingine. Na kwa kuwa hoja yangu ilianguka, chama kimefungua mlango kwa wenye viti saba. Jina kwenye kadi ya gari ni la mama mkwe. Basi mama mkwe ni mwanachama! Daktari wa Meno, ambaye sasa ndiye Mheshimiwa Katibu, alimbandika beji mwenyewe. Jumapili iliyopita jina lake lilisomwa, akabonyeza Sauti ya Asili kwa kidole kimoja, akapigiwa makofi. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Kwenye orodha nimeandikwa dereva wa mwanachama. Si haba. Nilisogezewa kiti.

Nilikuwa nimetulia kabisa. Watoto wananipungia mkono nikifika. Mama Watoto anacheka safari nzima. Nilikuwa naanza kuliona lile jambo la Daktari la matuta.

Halafu leo asubuhi nimefungua simu.

Kampuni imetangaza pikapu!

Mwewe mwenye karai mgongoni! Wamempiga picha amebeba saruji. Saruji! Viti saba nimevimeza, maana familia ni familia na mtu asiyependa familia yake ni wa namna gani? Lakini mwewe habebi saruji. Lazima pawe na mwisho. Hoja iko tayari: gari lolote linalobeba mizigo wazi si Mwewe, na mwenye nalo si mwenzetu. Daktari ameshaandika kwamba pikapu ni wazo zuri. Sasa nina uhakika kwamba niko sahihi.

Mimi sina kura. Mama mkwe anayo. Nimemweleza hoja kwa utulivu wakati wa chai. Akasema pikapu ingembebea makochi yake kutoka kwake, tena godoro, na kwamba mkutano ujao gari lake litanyamaza. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Nimelitazama lile pindo. Fundo ni la kiutu uzima, halifunguki.

Lakini sikati tamaa. Nimefikiria nikaona kosa langu la mwezi uliopita lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye spika. Spika ilifanya kazi yake. Kosa lilikuwa kurekodi ndani ya gari lililojaa watu wanaosema. Sasa buti ya gari hili inameza spika mbili, na jirani amekubali kunikodisha tena, kwa ajili ya hotuba.

Kesho kutwa nampeleka mama kliniki, mimi na yeye tu. Akishasinzia kule nyuma, nitabonyeza Sauti ya Asili na kurekodi mwanzo mpaka mwisho, bila kufungua mdomo. Mama hukoroma kidogo akilala, lakini katikati ya ngurumo kama ile nani atasikia?